Kabla Hujanunua Kibanda cha Jirani

Kipindi cha uchumi wa nyumbani. Nakala ya mazungumzo kwa vikundi vya wasikilizaji.

(Muziki unaingia, kisha unapungua.)

Karibuni tena katika kipindi chetu cha uchumi wa nyumbani, hapa Kakuma na Kalobeyei. Wewe unayesoma nakala hii pamoja na kikundi chako, karibu pia. Tafuteni kalamu na karatasi, kwa sababu leo kuna hesabu. Msiogope. Ni kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Kama shule imekuwa mbali nawe, mwite mtoto wa darasa la sita akae karibu.

Leo tunazungumza juu ya kuwekeza. Kuwekeza ni kutoa fedha leo ukitarajia zirudi kesho zikiwa nyingi zaidi. Na swali letu ni moja: mtu akikuletea kitu cha kuleta kipato, duka, kibanda, cherehani, pikipiki, mbuzi, utajuaje kama bei anayotaka ni ya haki?

Swali hili lina uzito hapa kwetu kwa sababu mbili. Kwanza, vikundi vya kuweka na kukopa vinapomaliza mzunguko, sanduku linafunguliwa na watu wanagawana. Mtu aliyekuwa akiweka shilingi 200 kwa wiki anajikuta na fedha ambazo hakuwahi kuzishika kwa pamoja tangu akimbie nyumbani. Siku hiyohiyo wauzaji wanabisha hodi. Pili, hapa hatuna nafasi kubwa ya kukosea. Mfanyabiashara wa mjini akipoteza, ana shamba, ana ndugu, ana benki. Wewe ukipoteza fedha ulizokusanya mwaka mzima, unarudi kwenye mgao peke yake, na sote tunajua mgao ulivyopungua.

Soko letu si dogo. Shirika la Fedha la Kimataifa, IFC, lilitoa utafiti wake mwaka 2018, likakadiria kwamba uchumi wa kambi ya Kakuma na mji wake ni kama dola milioni 56 kwa mwaka, na kwamba kuna maduka zaidi ya 2,000. Kwa hiyo vibanda vinauzwa na kununuliwa kila siku. Tuchukue kimoja tukipime.

MFANO WETU

Tuseme jirani yako ana kibanda cha kuchaji simu. Kina paneli za sola, betri, inveta na meza yenye waya nyingi. Anakuambia: "Nakuuzia kwa shilingi 80,000. Wewe ni mtu wangu. Mwingine ningemwambia 100,000."

Watu wengi hapo huuliza maswali mawili: paneli hizi mpya zinauzwaje Lodwar, na huyu jirani alinunua kwa ngapi? Maswali hayo ni mazuri, yatakusaidia kupatana bei. Lakini hayakuambii kibanda kina thamani gani kwako. Kitu unachokinunua ili kikulishe, thamani yake ni fedha kitakazokuletea siku zijazo. Paneli inaweza kuwa ya gharama kubwa na isilete wateja. Meza mbovu iliyo mahali pazuri inaweza kuleta wateja kila siku.

Kwa hiyo kaa karibu na kibanda hicho siku tatu au nne kabla ya kutoa fedha. Hesabu simu zinazoingia. Usihesabu siku moja tu, tena siku ya mgao, maana siku hiyo kila mtu ana shilingi mfukoni. Muulize jirani akuonyeshe daftari. Kama hana daftari, macho yako ndiyo daftari.

Tuseme umehesabu simu 20 kwa siku, kila moja shilingi 20. Hiyo ni 400 kwa siku. Kwa siku 26 za kazi katika mwezi, unapata 10,400.

Sasa toa gharama. Kodi ya mahali na mlinzi, 1,500. Waya, soketi na fundi, 900. Halafu kuna gharama moja ambayo watu wetu huisahau: wewe mwenyewe. Ukikaa kibandani kutwa nzima, kuna kazi nyingine ambayo hukuifanya. Kama ungeweza kupata shilingi 5,000 kwa mwezi kwa kufua, kushona au kubeba mizigo, basi andika 5,000 kama mshahara wako. Fedha hizo ni za jasho lako. Kibanda hakikukupa zawadi.

Jumla ya gharama ni 7,400. Ukitoa katika 10,400, kinabaki 3,000 kwa mwezi, yaani 36,000 kwa mwaka. Hizo ndizo fedha ambazo kibanda chenyewe kinazaa.

Mama mmoja anaweza kusema, "Mwanangu, mimi sina kazi nyingine yoyote, hiyo 5,000 ningeipata wapi?" Ni kweli, mama. Basi andika kiasi kidogo, lakini usiandike sifuri, kwa sababu maji hayatajichota na watoto hawatajilea. Na hapo tunajifunza jambo: kibanda hichohicho kinaweza kuwa na thamani kubwa kwa mtu mmoja na ndogo kwa mwingine. Ndiyo maana usinunue kitu kwa sababu tu rafiki yako alikuwa tayari kukinunua.

Betri, tuseme, itakufa baada ya miaka miwili. Wakati huo utauza paneli na inveta kwa 14,400. Sasa jumlisha: mwaka wa kwanza 36,000, mwaka wa pili 36,000, na 14,400 za mwisho. Jumla ni 86,400.

Jirani anatabasamu. "Unaona? Unatoa 80,000, unapata 86,400. Faida 6,400." Wengi wangelipa papo hapo. Subiri kwanza.

(Muziki mfupi.)

KUSUBIRI KUNA BEI

Ninyi mlio katika likelemba, na ninyi ndugu zetu Wasomali mlio katika ayuuto, niambieni: kwa nini kila mtu anataka kupokea zamu ya kwanza? Watu ni kumi, kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na kila mmoja atapokea kiasi kilekile. Mbona tunagombania ya kwanza?

Kwa sababu tunajua bila kufundishwa kwamba shilingi ya leo ina nguvu kuliko shilingi ya mwezi wa kumi. Ukipokea leo, unanunua gunia la mkaa, unauza, unanunua jingine. Anayepokea mwisho amewasaidia wengine wote kufanya biashara, na kwake hakuna nyongeza. Tena bei zinaweza kupanda, au mwenzako akahama kabla zamu yako haijafika.

Basi fedha za kibanda pia zina zamu. Nyingine zitakuja mwaka huu, nyingine mwaka ujao. Hatuwezi kuzijumlisha kana kwamba zote zimefika leo. Tunahitaji kipimo. Kipimo chako ni hiki: fedha hizi nisipozipeleka kwa jirani, zingefanya nini mahali pengine ninapopajua?

Tuseme kikundi chako cha kuweka na kukopa kimekuwa kikiongeza 20 kwa kila 100 kwa mwaka, kutokana na ada za mikopo. Mfumo huu wa sanduku lenye kufuli tatu ulianza kule Niger mwaka 1991 kwa msaada wa shirika la CARE, na leo umeenea nchi nyingi. Chukua daftari la kikundi uone ongezeko la kweli, usikisie.

Sasa fuata hesabu. Shilingi 80,000 zikikaa katika mzunguko wa namna hiyo, baada ya mwaka mmoja ni 96,000. Baada ya mwaka wa pili ni 115,200.

Na kibanda? Mwisho wa mwaka wa kwanza kinakupa 36,000. Tuseme unaziweka kikundini, zinakuwa 43,200. Mwaka wa pili kinakupa 36,000 nyingine. Unauza vifaa kwa 14,400. Jumla ni 93,600.

Weka namba hizo mbili pamoja: 115,200 na 93,600. Ile faida ya 6,400 aliyoisema jirani imegeuka kuwa upungufu wa 21,600. Jirani hakusema uongo, hesabu yake ya kujumlisha ilikuwa sawa. Alisahau tu kwamba kusubiri kuna bei.

Je, kibanda hakifai kabisa? Hapana. Kibanda ni kilekile, tatizo ni bei. Jaribu 65,000. Mwaka wa kwanza zingekuwa 78,000, mwaka wa pili 93,600. Ndiyo namba ya kibanda kabisa! Kwa hiyo kwa kipimo chako, kibanda hiki kina thamani ya 65,000 leo. Chini ya hapo umepata. Juu ya hapo unampa jirani fedha zako bure. Mabenki makubwa na masoko ya hisa ya Nairobi au London hutumia wazo hilihili kupima kampuni na majengo: fedha zitakazokuja, zikipunguzwa kwa sababu ya kusubiri.

Ndugu zangu Waislamu msiochukua riba, hesabu hii haiwalazimishi kugusa riba. Badala ya kikundi cha mikopo, weka kama kipimo faida ya biashara yako halali unayoifahamu, au sehemu ya faida unayogawana na mwenzako. Swali ni lilelile: fedha zingefanya nini kwingine?

Na kumbukeni, vikundi vingi vina kikomo cha hisa mtu anazoweza kununua kwa mkutano. Si lazima uweze kuweka 80,000 yote hapo. Kikundi ni mizani ya kupimia tu.

HATARI INA BEI YAKE PIA

Mpaka hapa tumefanya kana kwamba simu 20 zitakuja kila siku kwa miaka miwili. Nani amekuahidi hivyo?

Tuangalie ikija simu 15. Wateja watano tu wamepungua. Mapato ni 300 kwa siku, yaani 7,800 kwa mwezi. Gharama zako ni zilezile 7,400, kwa sababu mlinzi hapunguzi mshahara kwa kuwa wateja wamepungua. Kinabaki 400 kwa mwezi. Umesikia hiyo? Wateja wamepungua robo, faida imeshuka kutoka 3,000 hadi 400. Ndivyo biashara yenye gharama zisizobadilika inavyoanguka: polepole kwa wateja, ghafla kwa mfuko.

Ukirudia hesabu yetu kwa 400 kwa mwezi, thamani ya kibanda inashuka kutoka 65,000 hadi kama 17,300.

Sasa jiulize kwa uaminifu: katika vibanda 10 kama hiki, vingapi vitapata bahati mbaya? Mwingine anaweza kufungua kando yako. Umeme wa gridi ndogo ukifika mtaa wako, watu watachajia nyumbani. Msaada ukipungua, mtu anachaji simu mara moja kwa wiki badala ya mara tatu. Tuseme vibanda 3 kati ya 10 vitaharibikiwa. Saba vyenye 65,000 ni 455,000. Vitatu vyenye 17,300 ni 51,900. Jumla 506,900, gawanya kwa 10, unapata karibu 50,700.

Kwa hiyo tumetoka 80,000 za jirani, tukaja 65,000 baada ya kuhesabu kusubiri, na sasa tuko kwenye 50,000 baada ya kuhesabu hatari. Ukienda kupatana bei, hiyo ndiyo mipaka yako. Ukifika 50,000 na jirani amekataa, mshukuru, mwage kwa amani, urudi nyumbani. Usiache mbachao kwa msala upitao.

Tena sikiliza hili vizuri. Wastani ni wa vibanda 10, lakini wewe unanunua kimoja. Kama hicho kimoja kikiangukia upande mbaya watoto watalala njaa, usinunue hata kwa 50,000. Fedha za chakula, za dawa na za karo hazipelekwi kibandani. Tunawekeza zile ambazo zikichelewa, nyumba inasimama bado.

Hatari ndiyo inayofanya faida ziwe tofauti. Mwaka 2017 serikali ya Kenya iliuza dhamana ndogo kwa simu, iliyoitwa M-Akiba. Kuanzia shilingi 3,000 mtu aliweza kuikopesha serikali kwa miaka mitatu na kulipwa asilimia 10 kwa mwaka. Ilihitaji kitambulisho cha taifa, kwa hiyo kwetu sisi ni somo zaidi kuliko nafasi. Somo lenyewe: serikali yenye kukusanya kodi ililipa asilimia 10. Mtu binafsi mwenye kibanda kinachoweza kuungua lazima akupe zaidi ya hapo, la sivyo mbona ubebe hatari yake? Na kinyume chake pia: ukiona faida ni kubwa, jua kuna hatari mahali fulani hata kama huioni. Itafute kabla haijakutafuta.

(Muziki mfupi.)

TAWANYA, LAKINI TAWANYA KWELI

Wazee wetu wafugaji wanajua kwamba mwenye busara hafugi aina moja tu. Ana mbuzi, ana ngamia, na wengine amewaacha kwa rafiki mbali, mvua ikikosa huku labda imenyesha kule. Mwaka 1952 Mmarekani aitwaye Harry Markowitz aliandika wazo kama hilo kwa hesabu, na mwaka 1990 akashiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi. Alionyesha kwamba usipime kitu kimoja peke yake. Pima jinsi vitu vyako vinavyokwenda pamoja: je, kimoja kikianguka, na kingine kitaanguka?

Hapa ndipo wengi tunajidanganya. Mtu anasema, "Mimi nimetawanya. Nina duka la unga, nina genge la nyanya, na nimewakopesha majirani." Ni mambo matatu kwa majina. Lakini mwaka 2025 msaada wa chakula ulipopunguzwa, nini kilitokea kwa mtu wa namna hiyo? Wanunuzi wa unga ni wale wa mgao. Wanunuzi wa nyanya ni walewale. Na waliokopa ni walewale. Mambo matatu yote yalikuwa yanakunywa katika kisima kimoja. Kisima kikikauka, vyote vinakauka siku moja.

Kutawanya kweli ni kutafuta kisima cha pili. Kushona nguo kwa wateja wa mji wa Kakuma, watu wenye mishahara. Kunyoa. Kutengeneza simu. Kujifunza lugha au ufundi, maana ujuzi ni mali ambayo haiungui, haiibiwi, na hata ukihamishwa unakwenda nayo. Wafugaji nao wakumbuke: kati ya mwisho wa 2020 na 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa mfululizo katika Pembe ya Afrika, na mbuzi walikufa kwa wingi Turkana. Mbuzi na kuku ni kisima kimoja kama vyote vinategemea mvua ileile na malisho yaleyale.

KWA WEWE UNAYEUZA

Tumemsema sana mnunuzi. Sasa tumgeukie muuzaji, hasa yule mwenye safari.

Familia ikisikia kwamba kesi yake imepita na tarehe ya ndege imetoka, kila kitu kinauzwa: magodoro, sufuria, paneli, duka. Wanunuzi wanajua una siku chache. Cherehani ya 15,000 inaondoka kwa 5,000. Hiyo ni bei ya haraka. Kitu kinaweza kuwa na thamani kubwa, lakini ukilazimika kukigeuza fedha kwa siku tatu, utapata sehemu tu. Ukinunua mali yoyote, jiulize pia: siku nikihitaji fedha ghafla, nitaiuza kwa haraka gani? Mbuzi anauzika siku moja. Ukuta wa matofali ulioujenga hauuziki.

Na safari yenyewe ina hatari. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na ndege zilizokuwa zimepangwa zikafutwa. Katika kambi mbalimbali kulikuwa na watu ambao tayari walikuwa wameuza kila kitu. Fedha zililiwa, kibanda kimekuwa cha mwingine, na mwenye kibanda amebaki palepale.

Kwa hiyo panga mauzo kwa zamu. Anza na vitu visivyoleta kipato: kabati, redio, viti. Kile kinacholeta riziki ya kila siku kiwe cha mwisho kabisa kuuzwa. Kuna njia nyingine pia. Unaweza kukikodisha kwa ndugu unayemwamini, au kuandikiana kwamba anaendesha na mnagawana faida, na siku ukiondoka kweli anamalizia bei mliyopatana. Andikeni. Wekeni mashahidi, na kiongozi wa bloku ajue. Bei ikiwa ndogo kidogo kwa makubaliano ya namna hiyo, si hasara. Umenunua usalama, na usalama nao una bei.

WANAOAHIDI MENGI

Kabla sijamaliza, neno moja juu ya wale wanaokuja na ahadi tamu: "Weka 5,000, baada ya mwezi chukua 10,000. Mlete na rafiki."

Sasa tuna kipimo. Kikundi chako kinaongeza 20 kwa 100 kwa mwaka mzima, na mnahangaika kufuatilia wakopaji. Huyu anaongeza 100 kwa 100 kwa mwezi mmoja. Muulize swali moja: fedha hizo zinazaliwa wapi? Kibanda kinaonyesha simu. Mkulima anaonyesha mchicha. Yeye anaonyesha nini? Akikujibu kwa kukutajia watu waliolipwa, hajajibu. Kulipwa kwa wa kwanza si ushahidi, kwa sababu wa kwanza wanalipwa kwa fedha za wa pili, na wa pili kwa fedha za wa tatu, mpaka siku watu wapya wanakwisha.

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1920 huko Boston, Marekani, Charles Ponzi aliahidi watu faida ya asilimia 50 kwa siku 45, akisema anafanya biashara ya kuponi za posta. Mwaka huohuo yote yakaanguka. Jirani hapa Tanzania, DECI iliwaambia watu fedha zao ni mbegu, wapande na watavuna. Mwaka 2009 serikali ikaisimamisha, na maelfu ya waliopanda wakabaki wakiulizia mavuno. Leo mchezo unakuja kwa WhatsApp, na mara nyingi unaletwa na mtu tunayempenda, ambaye naye amedanganywa. Mpende, lakini usimpe fedha zako.

TUKUMBUKE

Msikilizaji wangu, mtu akikuletea mali ya kununua, mwulize na ujiulize mambo haya matano:

1. Baada ya gharama zote, pamoja na jasho langu, inaleta kiasi gani kwa mwezi?
2. Fedha hizo zitakuja lini, na zingefanya nini kwingine wakati huo?
3. Nini kinaweza kuharibika, na kikiharibika nyumba yangu itasimama?
4. Je, inakunywa kisima kimoja na vitu nilivyonavyo tayari?
5. Nikitaka kuiuza kwa haraka, nitapata ngapi?

Ukishapata majibu, ndipo usikie bei ya muuzaji. Wewe uwe na namba yako kabla yeye hajakutajia yake. Anayekwenda sokoni bila namba yake atarudi na namba ya mwingine.

Kazi ya kikundi wiki hii: chagueni biashara moja ya mwanachama aliyekubali, mfanye hesabu yake pamoja, kama tulivyofanya kibanda. Kwanza hesabuni kama mambo yakienda vizuri. Halafu hesabuni tena wateja wakipungua robo. Mwenye biashara asicheke na asichekwe, tunajifunza. Mkiona namba haziendi, si lazima kufunga. Labda kuna gharama ya kupunguza, au mahali pa kuhamia, au kitu cha pili cha kuuza kwenye meza ileile.

Kipindi kijacho tutazungumza juu ya kukopa: mkopo gani unajilipa wenyewe, na mkopo gani unamla mkopaji. Mpaka hapo, walindeni watoto, yawekeni maji mahali safi, na daftari lenu liwe karibu. Mimi ni mtangazaji wenu.

(Muziki wa kufunga.)